Amaan ya a mbili

Shoga yangu,

Assalaam aleykum. Karafuu zimefika, ahsante sana. Barua yako nimeisoma barazani nikacheka peke yangu. Eti mwanao anauliza kwa nini watu wa Unguja hatujui kuandika "amani", tumeongeza a kwenye jina la Uwanja wa Amaan.

Mwambie swali hilo liliniponza mie kabla yeye hajazaliwa. Unakumbuka darasa la nne? Niliandika "Uwanja wa Amani", mwalimu akaipiga mstari wa wino mwekundu, juu yake akaandika Amaan, a mbili zimekaa pamoja kama viatu mlangoni. Nikauliza, "Si ndiyo hiyo hiyo, mwalimu?" Nikaambiwa nikae chini.

Ndiyo hiyo hiyo, ila imeandikwa kwa matamshi ya kule Kiarabuni ilikotoka: amaan, usalama, mtu kukaa bila ya hofu. Uwanja ulifunguliwa 1970, Wachina wametusaidia kuujenga, na Mzee Abeid Amani Karume, Rais wetu wa kwanza, wakati huo alikuwa yu hai. Kwa hivyo hapa barazani petu hakosekani wa kuapa kuwa jina ni lake. Marehemu baba akiwajibu: wangetaka kumtaja Mzee wangeandika a moja kama alivyoandika mwenyewe. Mie nasimama na baba.

Na jina la mtu nalo likikaa uwanjani halibaki kuwa la mtu. Nenda Kikwajuni, pale uwanja wa Mao Zedong. Nani anamkumbuka yule kiongozi wa China? "Tukutane Mao," basi. Vijana wanajua kuna Mao A na Mao B, utadhani mzee wa watu alikuwa na pacha.

Sasa kioja. Tarehe 27 Disemba 2023 Amaan ilifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa, ikaitwa New Amaan Complex. Hiyo "New" ndiyo inayoniwasha. Mpya mpaka lini? Konda wa daladala hana habari nayo: "Amaan, Amaan, wa Amaan!"

Lakini pamependeza, sisemi uongo. Mei 2025 nilikwenda kwenye marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Moroko. Yakaisha moja moja, Wamoroko wakaondoka na kombe kwa jumla ya mabao matatu kwa moja. Mie nusu ya mchezo sikuuona. Nilikuwa natafuta pale tulipokuwa tukisimama kwenye mazoezi ya halaiki, jua la utosi, sketi imekulegea umeikaza kwa pini, na kila ukirusha mkono pini inakuchoma unapiga kelele. Siku hizi chini ni nyasi bandia, hakuna hata kokoto moja. Sisi magoti yetu yalitoka damu.

Na uwanja wenu wa Gombani huko Pemba usinitambie. Najua, Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa kwenu na Zanzibar Heroes wakawafunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Umeshaniandikia mara tatu. Lakini nyie jina hamkuhangaika nalo: mahali ni Gombani, uwanja ukaitwa Gombani, kazi imekwisha.

Yule mwalimu wetu yupo bado. Juzi nilimkuta Darajani anachagua ndizi. Nilitaka kumuuliza habari ya ile a, nikaona haya, nikambebea kikapu mpaka kituoni. Akapanda gari ya Amaan.

Nisalimie wote hapo Wete.

Mimi shoga yako