Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kukusanya Kumbukumbu

Ndugu wanachama, askari wastaafu wenzangu,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Wenzetu wawili wametutangulia mbele ya haki, na rambirambi za chama zilifika kwa wafiwa. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitakaa zaidi kwenye kazi mliyonituma, ya kukusanya historia ya polisi hapa Tanga.

Vijana wengi hawajui kwamba Jeshi la Polisi la nchi hii lilizaliwa mkoani kwetu. Lilianzishwa rasmi Agosti 25, 1919, na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto, kabla hayajahamia Dar es Salaam. Mzee wetu mkubwa kuliko wote alikuwa kuruta Moshi wakati Elangwa Shaidi anakuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi hilo, mwaka 1964. Habari ile ilipofika uwanja wa kwata, anasema, wapo waliolia.

Naulizwa sana kuhusu "polisi wa jiji". Tanga ni jiji tangu 2005, lakini jiji halina polisi wake. Mgambo mnaowaona sokoni ni wa halmashauri, kazi yao sheria ndogo. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani: amri hutoka kwa Inspekta Jenerali, ikapita kwa Kamanda wa Mkoa, Mkuu wa Polisi wa Wilaya na mkuu wa kituo, hadi kwa konstebo aliye lindoni. Ndiyo maana sote tumehamishwa. Leo uko Chumbageni, kesho Kigoma. Mpango huo una faida zake, askari hazoeani mno na wahalifu wa mtaa mmoja. Lakini kila uhamisho huondoka na kumbukumbu za kituo. Kwenye kituo kimoja niliomba vitabu vya matukio vya zamani, nikaonyeshwa kichuguu ndani ya kabati. Niliumia sana.

Hivyo kumbukumbu tunazo sisi tuliobaki. Mjane wa mwenzetu aliniletea filimbi ya mumewe, mnyororo wake bado unang'aa, pamoja na daftari lililoandikwa kwa penseli. Usiku mmoja wa doria huko Ngamiani marehemu alikuta mlango wa duka haukufungwa. Aliketi kizingitini mpaka mwenye duka alipokuja alfajiri. Ameandika saa aliyofika na saa aliyoondoka, basi. Nimelisoma ukurasa huo mara nyingi kuliko barua yangu ya kupandishwa cheo.

Mwaka ujao naomba kila mmoja aje na alichonacho: picha ya gwaride, barua ya uhamisho, hata kifungo cha sare. Katibu atapiga nakala mbele yako na kukurudishia hapo hapo. Kwa wasioweza kutembea, mimi na katibu tutawafuata nyumbani, tukianzia Makorora.