Australia iulize kwanza rais atapatikanaje

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku Australia, hasa tuliokwisha kupata uraia. Tulipoapa hatukumtaja Mfalme wa Uingereza, ambaye ndiye pia mfalme wa Australia. Kiapo chetu kilibadilishwa mwaka 1994. Wabunge wetu, hata hivyo, wanaendelea kumwapia yeye. Suala la jamhuri, yaani kuwa na rais badala ya mfalme, likirudi debeni tutalipigia kura sote, kwa kuwa kupiga kura huku ni lazima kisheria.

Wengi wetu tumezoea historia ya upesi. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na Desemba 1962 ilikuwa tayari jamhuri, kwa uamuzi wa Bunge. Australia hilo haliwezekani. Ibara ya 128 ya Katiba inataka mabadiliko yapite bungeni, kisha yakubaliwe na wapiga kura walio wengi nchini, na vilevile na walio wengi katika majimbo yasiyopungua manne kati ya sita. Hapo Tasmania, yenye watu wasiofika laki sita, ina uzito sawa na New South Wales yenye zaidi ya milioni nane. Tangu 1901 wananchi wameulizwa maswali 45 ya namna hiyo. Wamekubali 8 tu.

Siilaumu kanuni hiyo. Bila hiyo, New South Wales na Victoria, zenye zaidi ya nusu ya watu wote, zingewaburuza wengine. Ninacholaumu ni swali la jamhuri lililopigiwa kura Novemba 6, 1999. Wananchi waliambiwa rais atateuliwa kwa thuluthi mbili ya kura za Bunge, na Waziri Mkuu ataweza kumwondoa. Waliotaka kumchagua rais wenyewe wakakataa, bega kwa bega na watetezi wa malkia wa wakati huo. Karibu asilimia 55 walisema hapana, na hakuna jimbo lililokubali. Dalili ilikuwapo mapema: katika mkutano wa katiba uliofanyika Canberra mwaka 1998, mfumo huo uliungwa mkono na wajumbe 73 kati ya 152.

Ndiyo maana nasema ifanyike kwanza kura isiyofunga kisheria, yenye maswali mawili: je, tuwe jamhuri? Na ikiwa ndiyo, rais achaguliwe na nani? Wapo wanaodai hiyo ni kuwaachia wanasiasa mlango wazi. Sikubaliani nao, kwa sababu muswada wenyewe utarudi kwetu chini ya ibara ya 128, na tutaweza kuukataa.

Mimi nataka rais achaguliwe na wananchi, lakini mamlaka yake yaandikwe kabla. Novemba 11, 1975 Gavana Mkuu John Kerr, mwakilishi wa malkia ambaye hakuchaguliwa na mtu, alimfukuza Waziri Mkuu Gough Whitlam baada ya Seneti kuzuia bajeti. Rais mwenye mamilioni ya kura nyuma yake atajizuia vipi asipowekewa mipaka?

Tusisahau pia magavana wa majimbo. Wako sita, na kila mmoja ni mwakilishi wa mfalme katika jimbo lake. Majimbo yashirikishwe tangu maswali yanapotungwa, yasingoje kuletewa karatasi za kura.

Mgombea akija msikitini, kanisani au kwenye sherehe zetu kuomba kura, tumuulize: rais atachaguliwa na nani, na nani ataweza kumwondoa?

Msomaji wako,
Melbourne