Fundi na Mwalimu hawasalimiani

Ngamiani, Tanga

Kwako mgosi wangu,

Salaam aleikum. Huku wazima wote, mama anakusalimu na anauliza kama umeshawazoea samaki wa ziwani au bado unalilia changu. Mvua zimechelewa, nazi zimepanda bei, na ule mwembe wa uwanjani wamelikata tawi ulilokuwa ukitundikia mfuko wa mipira. Najua tangu Idi sijakujibu. Kila nikishika simu naiweka chini, maana jambo lenyewe ni refu na wewe kwenye simu hukawii kunikatiza, "Ehe, sasa ukamwambiaje?", wakati mimi hata mwanzo sijaumaliza. Leo nimekaa na karatasi ili niseme mpaka mwisho.

Mgosi, makocha wako wawili wa ligi yetu ya watoto, Fundi wa Makorora na Mwalimu wa Mikanjuni, hawasalimiani. Wiki ya tatu hii. Ijumaa walikutana kwenye mlango wa msikiti, Mwalimu alipomwona mwenzake anavaa viatu akarudi ndani akakaa mpaka Fundi alipokata kona. Watu wazima wale, waliokuwa wakila bada sahani moja nyumbani kwako.

Ilianza Jumamosi, mechi ya chini ya miaka 13, Makorora na Mikanjuni. Watoto tisa kwa tisa, nusu uwanja, kama tulivyozoea. Yule mjukuu wa bibi wa vitumbua, mwenye mguu wa kushoto, yule uliyemtoa kwenye chandimu ya mtaani wewe mwenyewe, sasa anachezea Mikanjuni kwa Mwalimu. Dakika ya 20 akapiga bao moja, mgosi, kipa hakuinua hata mkono. Mimi nilishaanza kupiga makofi. Mara namwona Fundi katikati ya uwanja, mpira kaukumbatia, anapiga kelele kwamba huyu ni kijeba, kapunguza miaka, hawezi kuwachezesha watoto wake na mtu mwenye ndevu. Mtoto hana hata unywele kidevuni! Mwalimu naye, ambaye siku zote tunamjua kwa upole, akatoka kwenye benchi lake na kumwuliza mbele ya wote, "Mwaka jana alipokuwa anakufungia wewe, ndevu alikuwa anazinyoa?"

Basi hapo pakaharibika. Refa ni kijana wa kidato cha nne, alipiga filimbi mpaka akachoka. Wazazi wakaingia. Beseni la machungwa ya Muheza lilikuwa tayari limekatwa kwa ajili ya mapumziko, na hakuna mtoto aliyeligusa, nzi ndio waliokula. Na yule mtoto anayegombaniwa alivua jezi, akaikunja vizuri kabisa, akaiweka pale kwenye duara la kati, akaondoka peku huku ameshika daluga, viatu vyake vya mpira, mkononi. Daluga zile alinunuliwa na Fundi mwaka jana. Hilo naomba ulishike, maana nitalirudia.

Sasa kosa langu. Badala ya kusubiri, usiku uleule niliandika kwenye kundi la WhatsApp la makocha kwamba kila mmoja atoe maelezo yake. Unakumbuka daftari lako la kanuni, lile la jalada la kijani? Uliandika kwamba malalamiko hayapokelewi siku ya mechi, yaletwe Jumatatu jioni, kwa mdomo, kwa katibu, na mlalamikaji aje peke yake bila wapambe. Ulipoandika vile nilidhani ni ukali tu. Lakini Jumapili nzima mtu anakuwa amelala, amekula, mkewe amemwambia neno, na Jumatatu anafika akiwa nusu ya hasira aliyoondoka nayo. Mimi niliwapa uwanja wa kugombana palepale damu inachemka, tena mbele ya makocha 14. Sauti walizorekodi zilikuwa zinaingia mpaka saa 7 usiku.

Fundi alitaka mtoto apelekwe kupimwa MRI, kile kipimo cha picha ya mfupa cha kujua umri. Akaja na hoja ya 2017, kwamba Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda mashindano ya Afrika kule Gabon kwa sababu Kongo Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo, kwa hiyo sheria ni sheria. Mwalimu akamjibu kwamba mwaka 2005 tuliotolewa kwenye mashindano hayohayo kwa habari hizohizo za umri tulikuwa sisi, kwa hiyo asijifanye msafi. Yaani ugomvi wa Makorora na Mikanjuni ukafika Gabon! Nilijaribu kueleza kwamba kipimo kile FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, kinaangalia kama mfupa wa kifundo cha mkono umeshaungana kabisa, na ukiungana kabisa huyo karibu hakika ameshavuka 17. Kwa mtoto tunayebishana kama ana 13 au 14, hakisaidii chochote. Nani alinisikiliza? Na fedha ya MRI itoke wapi, wakati mpira namba 4 tunachangishana?

Cheti cha kuzaliwa hana. Kadi ya kliniki ipo, bibi amenionyesha. Ililowa siku nyumba ilipoingia maji, siku na mwezi vinasomeka, kwenye mwaka limebaki doa la kahawia. Nimeishika kwenye mwanga wa dirisha, nimeigeuza, mgosi, sikuona kitu.

Alhamisi nikaitisha kikao chini ya mwembe, na kila mmoja akaja na watu wake. Fundi na wazazi sita, Mwalimu na walimu wenzake watatu. Kikawa si kikao, ni mahakama, na mtu mbele ya watu wake hawezi kurudi nyuma hata kama moyoni anataka. Baba wa yule kipa mdogo akasimama kusema wote wawili wafukuzwe na faini juu. Nilimkatalia. Faini ya nini? Hawa hatuwalipi hata nauli. Kocha wa mshahara ukigombana naye una mkataba mkononi. Huyu wa kujitolea akisusa anaondoka Jumamosi na watoto 18 nyuma yake, na hao watoto wanarudi kukaa vijiweni. Malipo yake ni ile heshima ya kuitwa "Kocha" akipita mtaani, basi. Ukimgusa hapo umemkata mshahara wote. Ndiyo maana wanagombania bao la watoto kama fainali ya uwanja wa Mkwakwani.

Baada ya hapo niliacha vikao nikaenda kwa kila mmoja peke yangu, na nilitakiwa nianzie huko.

Fundi nilimkuta gereji, amevaa miwani yake ya kuchomelea. Unajua alikuwa anachomelea nini? Magoli. Jozi mbili ndogo, kwa mabomba ya chakavu, ya ligi yetu, bila kuombwa na bila senti ya mtu, na alikuwa ameshaanza kabla ya ugomvi. Jumamosi ndiyo siku ya wateja wake wa mageti na madirisha, na kila Jumamosi anafunga saa 8 mchana aje kwa watoto. Nilikaa pale kwenye kreti kama saa nzima bila kutaja mpira. Mwisho akasema mwenyewe, huku anapiga nyundo, "Mtoto nimemfundisha miaka miwili. Nimemvisha miguu. Anaondoka hajaniaga, na aliyemchukua hajaniambia hata neno." Akaendelea na nyundo yake. Umri wa mtoto hakuutaja kabisa.

Kwa Mwalimu nilikwenda jioni, anasahihisha madaftari. Yeye anasema hakumwiba mtu. Mtoto alikuwa hajatia mguu shuleni muhula mzima, yupo stendi anauza vitumbua vya bibi yake. Mwalimu akamfuata, wakakubaliana: urudi darasani na mimi nakuweka kwenye timu, na ukiendelea hivi nakupeleka kwenye michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA. Mtoto akarudi. Hesabu sasa anapata. Nikamwuliza, Fundi ulimwambia? Akanyamaza, akafunga kalamu. Akasema alidhani Fundi angekataa, akaona bora afanye kwanza.

Unaona ilipo? Hawa wawili wanampenda mtoto mmoja. Mmoja alimvisha daluga na mwingine akamrudisha darasani. Mwalimu alipaswa kwenda gereji dakika tano tu, kabla ya yote, akaseme, "Ndugu yangu, nimempata huyu katika hali hii, naomba ruhusa." Fundi angenuna siku mbili, kisha angekubali, namjua. Na Fundi hakuwa na haki ya kumwita mtoto kijeba mbele ya wenzake, tena mtoto ambaye yeye mwenyewe alimchezesha mwaka mzima bila kumwuliza miaka. Mimi nampa Mwalimu kosa la kwanza na Fundi kosa kubwa. Wewe ungeamuaje sijui.

Lakini kinachoninyima usingizi si wao. Niliamua kwamba kwa kuwa umri hauthibitiki, mtoto ahamie timu ya chini ya miaka 15 mpaka msimu uishe. Nadhani uamuzi ni sawa, mwili wake unabeba na mguu ule hauogopi mtu. Ila niliutangaza kwenye kundi kabla ya kwenda kumwambia yeye. Akaupata kutoka kwa mtoto wa jirani, tena umebadilika, kwamba amefukuzwa ligi kwa kudanganya. Tangu hapo hajakanyaga uwanjani. Shule nako wiki hii amekwenda siku mbili tu. Jumamosi iliyopita nilimwona nyuma ya ukuta, upande wa minazi, anachungulia mechi. Nilipomwita akaondoka, hakukimbia, aliondoka tu polepole kama mzee.

Unakumbuka 2019 tulivyokwenda Dar kuwatazama Serengeti Boys na Nigeria, tukafungwa 5-4? Basi lilifika Segera bado tunabishana, wewe unasema watoto wetu wanakosa mechi za kila wiki tangu wakiwa wadogo, ndiyo maana mabao manne hayawatoshi. Ligi hii ilizaliwa kwenye basi lile. Hatukuianzisha ili mtoto achungulie nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Nataka wale wawili waende pamoja nyumbani kwa bibi, bila mimi na bila kamati, wakazungumze na yule mtoto. Mmoja amwambie kwamba neno lile lilikuwa la hasira na si kweli, mwingine amwambie kwamba nafasi yake ya chini ya 15 ipo na hakuna anayemwona mwongo. Mimi nitatangulia kwenda kumwomba radhi peke yangu, nimeshapanga kesho baada ya alasiri. Mwalimu amekubali, hata akaniuliza Fundi anapenda kahawa ya nani. Fundi kila nikimgusia anasema "Nitaangalia", na wewe unajua "nitaangalia" ya Fundi. Mimi ananiona niko upande wa wasomi. Wewe ndiye uliyemleta kwenye ukocha, na wewe akikukatalia anaona haya. Mpigie. Usianze na mtoto, wala usimtaje Mwalimu. Mwulize habari za magoli, mwache ajisifu kidogo, anastahili. Mengine yatakuja.

Na daftari la kijani liko wapi? Ulikwenda nalo Mwanza au liko kwenye sanduku kwa mama yako? Kama unalo, nipigie picha ule ukurasa wa malalamiko, nataka niwasomee makocha wote na lile kundi liwe la ratiba na matokeo tu. Na ule mwaka wa jezi, walipogombana kuhusu rangi ya bluu, uliwaambia nini usiku ule mpaka asubuhi wakaja wanacheka? Hujawahi kuniambia. Unadhani nilikosea kumpandisha mtoto chini ya 15? Au ningemwacha amalize msimu na wenzake, doa na lote? Mwalimu aombe radhi kwanza, au wakutane hivyohivyo bila kuhesabiana? Na wewe unakuja lini? Bibi wa vitumbua ananiuliza, anadhani mimi ndiye niliyekukataza.

Simu ya Fundi mpigie baada ya Isha, mashine inakuwa imezimwa na anasikia vizuri. Jumamosi hii hatuna mechi, hivyo tuna siku kumi. Magoli yamekwisha, nimepita leo nimeyaona yameegemezwa ukutani, yamepakwa rangi nyeupe, na rangi imeshakauka. Amesema hayapeleki uwanjani mpaka aone.

Mimi somo wako,
Katibu