Wanafunzi wa utalii wakae na wazee kabla ya kuongoza wageni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa utalii tunaopelekwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika majengo ya kihistoria. Mimi nilijifunzia kuongoza wageni katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, hapa Kisesa.

Makumbusho haya, yaliyoanzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, si ukumbi mmoja wenye makabati ya vioo. Kuna nyumba ya msonge ya familia, nyumba ya mhunzi, ya mganga, jengo la vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, na jengo la watemi, yaani watawala wa jadi wa Wasukuma. Kila moja lina namna yake ya kuongozwa. Mgeni anayetoka kwenye jua kali na kuinama ili aingie katika msonge haoni kitu kwa muda, na mwongozaji anayeanza kueleza tangu mlangoni huwa anazungumza na watu wanaopapasa ukuta. Inafaa kunyamaza kwanza, macho yazoee giza, ndipo uwaonyeshe palipolazwa watoto na palipohifadhiwa nafaka. Hayo nilielekezwa na waongozaji wenyeji, nami nawashukuru kwa dhati.

Kazi ngumu zaidi iko katika jengo la watemi, penye ngoma na viti vya enzi. Mgeni akielezwa kwamba kwa desturi ya zamani aliyerithi kiti alikuwa mtoto wa dada wa mtemi, wala si mtoto wa kumzaa, huuliza papo hapo: kati ya wapwa wengi, nani aliyechagua? Na watoto wa mtemi mwenyewe walibaki na hadhi gani? Watoto wa shule za msingi ndio hodari zaidi wa kuuliza hivyo. Maelezo tuliyokaririshwa chuoni yalikuwa na sentensi moja tu kuhusu urithi, na hayakuwataja kabisa banang'oma, wazee wa ikulu waliokuwa na kauli katika kumteua mrithi. Habari zao nilizipata kwa mzee mmoja jirani, aliyekubali kukaa nami chini ya mwembe na kunieleza kwa utaratibu, akirudia pale nilipokuwa sijaelewa.

Wazee wa aina hiyo hawatakuwepo siku zote. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, kwa hiyo hata aliyekuwa na miaka kumi wakati huo sasa amevuka sabini. Kumpeleka mwanafunzi Bujora na karatasi ya kukariri, ilhali shahidi aliyeiona ikulu ya mtemi anaishi hatua chache kutoka hapo, naona ni kuipoteza fildi yenyewe.

Naviomba vyuo vyetu vitenge wiki ya kwanza ya fildi kwa ajili ya kukaa na wazee wa Kisesa na vijiji vya Magu, viwalipe nauli na posho kama wanavyolipwa wakufunzi waalikwa, na maelezo yao yaandikwe pamoja na majina yao, kwa ridhaa yao. Msimamizi naye anapokuja kumpima mwanafunzi, asimame nyuma ya kundi la wageni asikilize maswali yanavyojibiwa, kisha atoe alama kwa hayo.

Mwanafunzi wa utalii,
Kisesa, Mwanza