Shakespeare si wa wasomi peke yao

Mhariri,

Wanaodai Shakespeare hamfai mwananchi wa kawaida wakumbuke kuwa pale Globe, ukumbi wa tamthilia zake jijini London, iliyojengwa mwaka 1599, mtu wa kipato kidogo alilipa peni moja akasimama mbele ya jukwaa. Nasi tunayo tamthilia yake ya Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere tangu 1963!

Kinachoua maonyesho yetu ni kusoma tamthilia nzima kwa sauti ya darasani, ndani ya ukumbi wenye mwangwi. Chukueni mazishi ya Kaizari tu. Nusu saa yatosha. Waigizaji sita wajichanganye na watazamaji, wao ndio raia wa Roma. Wamshangilie kwanza Bruto, mmoja wa waliomuua Kaizari, kisha Antonio, rafiki wa Kaizari, awageuze mmoja mmoja kwa hotuba yake. Wakigeuka wote kwa mkupuo, hotuba imekufa.

Chezeni nje, jioni. Upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki, basi jukwaa liwe upande huo ili sauti iwafuate watu. Zeze na ilimba, ala ya Kigogo ya vibao vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, vinafaa sana chini ya maneno ya Antonio. Ngoma za muheme za Wagogo zingoje ghasia zianze, maana zitameza maneno.

Mwalimu wa sanaa za maonyesho,
Dodoma