Kabla Hujagusa Injini

Kwako Rashidi, ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na barua yako imefika pamoja na picha zake zote. Hongera kwa gari. Datsun 240Z ya 1972 ambayo bado ina injini iliyozaliwa nayo, kama ulivyoambiwa, si kitu cha kuokota njiani siku hizi. Picha za chini ya gari nimeziangalia kuliko za bodi, na ndizo zilizonichelewesha kukujibu.

Umeniuliza kama uitoe injini yako ya L24 uweke L28 iliyo kubwa zaidi, au uiache uifunge kabureta tatu. Kama ununue shokapu za kupandisha na kushusha. Halafu mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, ukauliza kuhusu breki. Mimi naona umepanga foleni kinyumenyume. Lirudishe gari kwanza liwe kama lilivyotoka kiwandani, uliendeshe hivyo mpaka ulizoee, ndipo uanze kuongeza. Kasoro ulizonitajia, kuyumba kwenye kona, kuvuta upande mmoja, usukani kutetemeka, nyingi si udhaifu wa gari. Ni mpira wa miaka hamsini. Ukiongeza nguvu juu ya mpira uliooza hutajua kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo na kipi kimezeeka tu.

Na usidharau kilichotoka kiwandani. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudi kushinda 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Yalikuwa magari yaliyoandaliwa kwa mashindano, sawa, lakini umbo la mfumo wa chini ni lilelile ulilonalo wewe: strati mbele, strati nyuma, yaani mirija inayobeba shokapu na springi, kila gurudumu linajitegemea.

Kabla ya yote, kutu. Gari hili halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo chasisi. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, ulale chini, ugonge na kuchokoa: zile reli mbili zilizo chini ya sakafu, kizingiti cha mlango kwa ndani, mahali pa juu panaposhika strati, na hasa chini ya betri, kwa sababu asidi hutiririka mpaka kwenye reli na kuila taratibu. Kwenye picha yako moja naona hapo pamepakwa rangi nyeusi nzito. Rangi ya namna hiyo sehemu hiyo tu haiji bure. Pakilia kibubu, au bisibisi ikazama, pesa ya shokapu ipeleke kwa mtu wa kuchomelea.

Sasa breki, na hapa nitakaa kidogo.

Anza na paipu za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu. Badilisha zote, hata zinazoonekana nzima. Paipu ya zamani huvimba kwa ndani, tundu likabaki jembamba. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inayasukuma mafuta yapite. Ukiachia, hakuna cha kuyarudisha kwa haraka, na pedi zinabaki zimeshika diski. Hapo gari linavuta upande mmoja, na wewe unauziwa kalipa (kile chuma kinachozibana pedi) usiyoihitaji. Mafuta yenyewe yamwage yote. Hunyonya unyevu wa hewani: aina iitwayo DOT 4 ikiwa mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka mpaka 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanika, pedali inazama mpaka sakafuni. Na usije ukamimina DOT 5 ukidhani namba kubwa ndiyo bora. Ile ni silikoni, haichanganyiki na haya.

Utakapofungua masta silinda (ile pampu ya mafuta ya breki) kwenye busta, kile kinachousaidia mguu nguvu, polepole. Kwenye mzizi wa ile fimbo inayotokeza kuna kisahani kidogo cha mpira mweusi. Ukiivuta fimbo hovyo kinabanduka na kudondokea ndani ya busta, na wala hutasikia. Ukishafunga kila kitu, breki zinakuwa hazina katikati: unagusa pedali kidogo tu, paji la uso linatafuta kioo. Watu wamebadilisha pedi, kalipa na masta silinda nzima, kumbe tatizo ni kampira hako. Kabla ya kufunga, chungulia na tochi ukione kimekaa mahali pake.

Ngoma za nyuma usizidharau. Zifungue, usafishe kile kirekebishaji cha ndani mpaka kizunguke kwa vidole, uweke brekishuzi mpya kama za zamani zimelowa mafuta, kisha uzikaze mpaka gurudumu lianze kukwaruza kidogo tu. Breki za nyuma zikiwa legelege, pedali inashuka sana, na mtu atakwambia masta silinda imekufa.

Zile kalipa za Toyota Hilux ulizozisikia, za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zenye pistoni nne, ni kweli zinaingia kwenye matundu yaleyale ya bolti. Unachokata ni bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Ila zinataka mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga, ndiyo maana wengi huzifunga pamoja na masta silinda ya 280ZX, Datsun iliyokuja baadaye, ya inchi 15/16, badala ya hii yako ya 7/8. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba nguvu yote umeilundika mbele, na nyuma ni ngoma zilezile. Tena gari halisimamishwi na kalipa, linasimamishwa na tairi. Kalipa kubwa faida yake ni joto, pale unapokanyaga breki tena na tena kwenye mteremko mrefu. Kama huendi mbio za kufunga barabara, diski mpya, pedi nzuri na paipu mpya vitakutosha sana.

Nikiwa kwenye tairi: soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye kashata nzuri inaweza kuwa imekufa zamani kwa umri. Za kiwandani zilikuwa 175 za rimu 14. Ukipenda rimu 15 weka 195/60, basi. Ukizidisha upana zitaanza kula bodi, na usukani usio na msaada utakuchosha mabega.

Shokapu na bushi, ile mipira ya viungio. Ile ya kupandisha na kushusha iache. Strati zako ni mirija inayofunguka kwa nati kubwa juu. Unatoa shokapu iliyokufa, unaingiza mpya ya aina ya katriji, na unamimina oili kidogo kuizunguka ndani ya mrija ili joto lipate pa kutokea. Ukitaka kulishusha, springi fupi kidogo, tuseme milimita 25, zinatosha. Ukishusha zaidi, mikono ya chini inayoshika magurudumu inapita ulalo wake na kuelekea juu, na kila unapopita tuta gari linajigeuza lenyewe bila kukuuliza.

Kazi yenyewe utaikuta nyuma. Kuna pini ndefu ya chuma inayopita chini ya strati na kuushika mkono wa chini kwa pande zote mbili. Katikati inazuiwa na kabari ndogo yenye nati, na huwezi kubadilisha bushi bila kuitoa pini hiyo. Kwenye gari langu, ya kushoto ilitoka bila ugomvi. Ya kulia iligoma kabisa. Nilitoa kabari, nikailowesha mafuta ya kulainisha kutu asubuhi na jioni, nikapasha moto ile sehemu ya chuma cha strati na si pini, kisha nikafunga kivutio kilichotengenezwa kwa bomba nene na nati ndefu. Nilikaza, nikasubiri, nikakaza tena, spana inaanza kupinda mkononi, nikajua sasa ama itoke ama ikatike. Ikalia paa! Ikasogea kama unene wa ukucha, na unga mwekundu ukamwagika sakafuni. Baada ya hapo ilikuwa ni kuzungusha tu. Usiipige nyundo kwenye ncha yenye uzi. Uzi ukishachanua, pini haipiti tena popote, itabidi uikate na kununua nyingine. Nunua nyingine hata hivyo, kabla hujaanza.

Bushi utaambiwa uweke za poliyurethani kila mahali. Hapana. Ile fimbo ya mbele inayouzuia mkono wa chini usiende mbele wala nyuma inatakiwa ijinyonge kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukiibana kwa poliyurethani pande zote mbili, nguvu hiyo inaenda kuumaliza uzi wa fimbo, na kuna waliokatikiwa nayo barabarani. Walau upande mmoja uache mpira wa kawaida. Kwingineko ni hiari yako. Mimi nilirudishia mpira, kwa sababu sipendi kuhesabu mawe kwa uti wa mgongo. Halafu bolti za bushi za mpira usizikaze gari likiwa kwenye jeki. Lishushe likae kwa uzito wake, ulitikise, ndipo ukaze mara ya mwisho. Vinginevyo mpira utaishi umejinyonga na utachanika mapema. Ukimaliza ndipo upeleke alaimenti, si kabla.

Haya, injini. Cha kwanza wala si nguvu, ni moto: paipu zote za mpira za petroli, kutoka tangi mpaka kabureta. Petroli ya leo yenye ethanoli huzila zile za zamani, na kabureta zako zimekaa juu kabisa ya ekzosi. Sina haja ya kusema zaidi.

Kisha pima mgandamizo wa silinda zote sita, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, angalia tofauti. Silinda dhaifu kuliko zote isipungue asilimia 80 ya ile bora. Ikipungua, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: namba ikipanda, ringi zimekwisha; isipopanda, tafuta kwenye valvu. Hapo ndipo uamue habari ya ovahoo, si kwa sababu jirani amesikia mlio.

Mlio wenyewe huenda ni valvu tu. Pima nafasi zake injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa za kutoa. Mpangilio wa kuwasha ni 1-5-3-6-2-4, uuandike ukutani. Pointi za distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, zitupe, tafuta distribyuta ya 280ZX yenye moduli yake ya kielektroniki, na ukumbuke kuiondoa ile rezista ya njiani inayopunguza umeme, ili ipate volti 12 kamili. Kwa bei yake sijui kitu kingine kinachobadilisha uwakaji wa injini hii kiasi hicho.

Kabureta zako mbili ni nzuri, zina sifa mbaya kwa sababu kila mtu huzigusa. Fungua vile vikofia vya juu uangalie kama kuna oili. Zikikauka, injini inakohoa kila unapokanyaga ghafla. Kisha chukua kipande cha paipu ya mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, injini ikiwa inanguruma taratibu. Sikiliza mvumo wa ya mbele, hamia ya nyuma, rekebisha skrubu mpaka usiweze kuzitofautisha. Vipo vipimo vya kununua, na mimi ninacho, lakini bado naanza na sikio.

Ukishafanya haya, ndipo tuzungumze habari ya L28. Tofauti ni sentimita za ujazo 2,393 na 2,753, inakaa kwenye vishikizo vilevile, na uvutaji wake wa chini ni mtamu, sikatai. Kabureta tatu sikushauri. Zinapendeza boneti likiwa wazi, zinakunywa, na kuzilinganisha ni kazi isiyoisha. Lakini gari hili lina tani moja na ushei tu. L24 iliyotulia vizuri inalisukuma kuliko unavyodhani, hasa ukishaweza kulisimamisha.

Nitumie namba za mgandamizo ukishapima, silinda ya kwanza mpaka ya sita. Na nisomee namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, juu kidogo upande wa plagi, uilinganishe na ile ya kwenye kibati kilicho kwenye chumba cha injini. Kama zinafanana kweli, usimruhusu mtu akushawishi uiuze L24 hiyo hata kama utaweka nyingine. Picha za ile sehemu ya chini ya betri nazo zitume, ila baada ya kukwangua rangi.

Shemeji msalimie sana.

Wako,
Salim