Wakristo wa Eritrea wanahitaji sauti yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikereketa moyoni. Mimi ni Mwislamu, mkazi wa Mbagala, na ninaloliandikia ni mateso ya Wakristo wa Eritrea.

Mtaani kwetu Mashahidi wa Yehova hupita nyumba kwa nyumba. Anayetaka kuwasikiliza huwatolea kiti. Asiyetaka huwaambia siku nyingine, nao huaga wakaenda zao. Walokole nao Jumapili husali kwa sauti kubwa na hakuna anayewakamata. Eritrea watu wa namna hiyo hiyo hufungwa jela. Tangu mwaka 2002 serikali ya huko inatambua Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni tu. Wengine waliamriwa wafunge makanisa hadi wasajiliwe, na usajili wenyewe hawakupewa. Ukikutwa sebuleni unasali na jirani zako, hilo linatosha kukupeleka ndani.

Na hiyo "ndani" si lazima iwe chumba. Yale makontena ya chuma tunayoyaona yamepangwa bandarini kwetu, huko wamefungiwa watu. Helen Berhane, mwimbaji wa nyimbo za Injili, alikamatwa mwaka 2004 akafungwa zaidi ya miaka miwili, muda mwingi akiwa kwenye kontena, bila kufikishwa mahakamani. Alitakiwa aweke sahihi kwenye karatasi ya kuiacha imani yake. Alikataa. Alipotoka mwishoni mwa 2006 hata kutembea kulimshinda. Wapo Mashahidi wa Yehova watatu waliokamatwa Septemba 1994 wakaachiwa Desemba 2020. Miaka 26, Mhariri, na hakuna hakimu aliyewahi kusikiliza kesi yao!

Hata kanisa linalotambuliwa halikusalimika. Patriaki Abune Antonios wa Waorthodoksi aliipinga serikali ilipoingilia mambo ya kanisa lake. Akavuliwa cheo, akawekwa kizuizini nyumbani, akafia humo Februari 2022 akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini.

Nitaulizwa, Mwislamu wa Mbagala yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu Oktoba 2012, hapa hapa Mbagala, ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto. Waliofanya vile walidai wanaitetea dini yangu. Niliona aibu, na aibu ile ninayo mpaka leo. Mimi nawafuata wale Waislamu wa kaskazini mwa Kenya ambao, basi lao lilipovamiwa karibu na Mandera Desemba 2015, walikataa amri ya wavamizi ya kutengana na abiria Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile akiwakinga, akafariki mwezi uliofuata. Yeye hakuuliza yanamhusu nini.

Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Eritrea nayo imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Ibara ya 8 ya mkataba huo inasema hivyo hivyo. Basi balozi wetu katika Umoja wa Afrika pale Addis Ababa ana pa kushika anapozungumza na wenzake wa Asmara, na naiomba serikali imtume azungumze. Nawaomba pia BAKWATA, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo waandike barua moja, waitie sahihi kwa pamoja, wadai Wakristo waliofungwa Eritrea wafikishwe mahakamani au waachiwe. Barua ya maaskofu peke yao itaonekana ya watu wanaowatetea wenzao. Ikiwa na sahihi ya Mufti, itasomwa kwa namna nyingine.

Ijumaa hii nitamwomba imamu wetu awataje wafungwa hao katika dua. Mchungaji wa kanisa la ng'ambo ya barabara nitamfuata Jumamosi, nimwombe naye awataje Jumapili.

Wako,
Msomaji, Mbagala,
Dar es Salaam